Riale, rupia au shilingi ya simba: ipi utaipata chini ya bei ya fedha yake?

Swali hili watu wengi wanaliuliza vibaya. Wanauliza sarafu gani ya fedha ni rahisi, wakati urahisi sio ishu. Ishu ni kwamba ukiiweka kwenye mizani, ukatoa ile shaba iliyochanganywa humo ndani, fedha inayobaki iwe na thamani kuliko hela uliyotoa mfukoni, na hapa ndo wengi wanapigwa, awepo mtu wa kukupa hiyo thamani siku ukitaka kuuza. Sarafu inaweza kuwa chini ya bei ya madini kwenye hesabu zako ila mnunuzi pekee ni sonara anayekata robo ya bei, sasa hapo dili liko wapi?

Nalinganisha zile ambazo huku kwetu zinapatikana kweli, kwenye masanduku ya mabibi, kwa masonara, kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe au Mombasa, na kwenye minada ya mtandaoni. Habari za sarafu mpya za aunsi moja sijaziweka humu kwa sababu zile muuzaji anajua bei ya dunia kila dakika, huwezi kumkuta amelala.

Hesabu kwanza. Chukua uzito wa sarafu kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha fedha, umepata gramu za fedha tupu, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya dunia inatajwa kwa aunsi ya madini ambayo ni gramu 31.1, kwahiyo gawanya kwa hiyo 31.1 upate bei ya gramu moja. Humu chini natumia dola 1 kwa gramu kurahisisha tu, we weka ya leo, na iangalie kweli leo, manake fedha inarukaruka: Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa aunsi, 2011 ikakaribia tena hapo hapo, Machi 2020 ilikuwa kwenye 12 hivi. Muuzaji aliyebandika bei kipindi ipo chini na hajabandua mpaka leo, huyo ndo unayemtafuta.

Riale ya Maria Theresa: uzito 28.07, fedha 83.3%, fedha tupu gramu 23.4
Rupia ya India hadi 1939: 11.66, 91.7%, gramu 10.7
Rupia ya Mjerumani: 11.66, 91.7%, gramu 10.7
Florini ya 1920: 11.66, 50%, gramu 5.8
Senti 50 ya 1906 hadi 1919: 5.83, 80%, gramu 4.7
Shilingi ya simba, 1921-25 na 1937-46: 7.78, 25%, gramu 1.9
Sumuni ya enzi hizo hizo: 3.89, 25%, gramu 1 kasoro kidogo

RIALE

Hii ndo kila mtu anaijua, yule mama mnene wa Austria upande mmoja, tai wa vichwa viwili upande wa pili, na mwaka 1780. Imetembea Ethiopia, Yemen, Oman, Zanzibar, kote huko ilikuwa hela ya biashara hata kwa watu ambao hawakujua Vienna iko wapi. Na kwa sababu ni kubwa, ukitazama tu namba za hapo juu unaona kipande kimoja kina fedha zaidi ya rupia mbili, kwahiyo unadhani ndo ya kukimbilia.

Tatizo ni huo mwaka 1780. Malkia alikufa mwaka huo, wakaendelea kuchapa sarafu na tarehe ile ile, Vienna wanachapa mpaka leo, na katikati hapo ikachapwa Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham, Bombay. Mussolini wa Italia alichukua mihuri ya kuichapia mwaka 1935 akiwa anajiandaa kuingia Ethiopia, ndo Waingereza nao wakaanza kuchapa za kwao. Kwahiyo riale uliyoshika inaweza kuwa ya miaka ya 1950 na bado ikaandikwa 1780, na ni halali kabisa, fedha yake ni ile ile. Ila muuzaji dukani anakwambia "kaka hii ina miaka zaidi ya mia mbili" na bei inapanda kama ya kitu cha makumbusho. Ndo maana riale dukani ni nadra sana kuikuta chini ya madini. Ikiwa chini sana, we ogopa, manake hakuna sarafu inayofojiwa kwa watalii kama hii.

Angalia ukingo. Ya kweli ina maandishi ya kuinuka kuzunguka ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na ya feki nyingi ukingo ni mtupu au una mikwaruzo tu ya tupa. Halafu uzito. Feki nyingi ni nyepesi, zinakuja 22, 24, ukiona hivyo usijiambie imelika kwa kutumika, riale haiwezi kulika gramu nne sura ikabaki safi.

Pale riale inapoingia chini ya bei ni zile zilizogeuzwa pambo. Zimetobolewa, zimechomelewa kikonyo, zimekaa kwenye mkufu miaka na miaka. Mkusanyaji hazitaki, mtalii anataka mkufu mzima, kwahiyo zikiwa zimekatika na kubaki moja moja zinauzwa kwa kukisia. Hapo pima, toa uzito wa kikonyo kwenye hesabu (mara nyingi hujui kikonyo ni madini gani, usikilipie), na risasi ya kuchomelea nayo inakula gramu. Ukibaki na gramu 26 za riale yenyewe hizo ni gramu 21.7 za fedha, tayari unajua mwisho wako.

RUPIA

Mi kwa upande wangu hapa ndo penye chimbo. Rupia ya India ilikuwa hela ya pwani nzima kabla ya shilingi, wafanyakazi wa reli ya Mombasa hadi Kisumu walilipwa kwa rupia, wahindi wa dukani walihesabu kwa rupia, kwahiyo zilibaki nyingi na zilibaki majumbani. Kiwango chake ni kizuri, 91.7, sonara anaipenda kwa sababu haimsumbui kusafisha. Na kwa mkusanyaji zile za kawaida za Victoria, Edward wa 7 na George wa 5 zilizochakaa hazina utukufu wowote, zilichapwa kwa mamilioni na mamilioni, hakuna anayekuja kuzipandisha bei. Hizo sifa mbili zikikutana, kiwango cha juu na umaarufu wa chini, ndo bei inashuka kwenye madini na wakati mwingine inapita chini yake.

Ila lazima usome mwaka, usikubali "rupia ni rupia". Kuanzia 1940 wakati wa vita walishusha kiwango mpaka nusu, uzito ule ule 11.66, sura ni George wa 6, ila fedha ni gramu 5.8 tu. Mtu akikuuzia ya 1943 kwa bei ya Victoria amekula karibu nusu ya hela yako na hata hajakudanganya, we ndo hujasoma. Ya 1947 ni nikeli tupu, sumaku inainasa kabisa, haina fedha hata punje.

Na upande wa pili wa shilingi, ukipata rundo la rupia usiyeyushe bila kupitisha macho. Ya 1911 ya George wa 5 ina kisa: mfalme amevaa mkufu wenye tembo mdogo kifuani, mchoraji akamchora vibaya watu wakaona nguruwe, Waislamu wakalalamika, serikali ikabadilisha mchoro na nyingi zikarudishwa kuyeyushwa. Inaitwa rupia ya nguruwe na watu wanailipia zaidi ya madini. Ukiipata kwenye rundo la bei ya gramu, hilo ni faida juu ya faida.

Rupia ya Mjerumani kwenye mizani ni pacha wa ile ya India, walifanya makusudi ili zipokelewe pamoja sokoni. Za kwanza ni za kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia 1890, Wilhelm wa 2 kavaa helmeti yenye tai juu, kisha serikali ikachukua na kuanzia 1904 zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na herufi ndogo A ya Berlin au J ya Hamburg. Hizi chini ya madini? Nzima sahau, Ujerumani wakusanyaji wa makoloni ni wengi na wananunua kweli, hata iliyochakaa inalipwa juu ya fedha yake. Kwahiyo ikiwa nzima na bei yake iko karibu na madini, nunua bila kujiuliza mara mbili (baada ya kuipima, manake na hii imeanza kufojiwa). Iliyotobolewa ndo inashuka, na hata hiyo mi ningeichukua kabla ya rupia ya India iliyotobolewa kwa bei moja, sababu ipo siku mtu atataka kujaza albamu na hana hela ya nzima.

Ukikutana na rupia 2 za Mjerumani za 1893 au 1894, kipande kikubwa cha gramu 23 hivi, au riyali ya Sultan Barghash ya 1882, acha kabisa mambo ya gramu. Hizo ni vitu vya mnada. Muuzaji akikupimia kwa mizani ya sonara nyamaza na ulipe.

SHILINGI YA SIMBA NA WENZAKE

Hapa pana mkanganyiko mtamu. Baada ya vita kuu ya kwanza bei ya fedha ilipaa, rupia ikayumba, Waingereza wakaleta florini mwaka 1920, haikukaa, shilingi ikachukua nafasi. Kwa sababu fedha ilikuwa ghali waliamua shilingi iwe na robo tu ya fedha, kilichobaki ni mchanganyiko wa bei rahisi. Kwahiyo ile shilingi yenye simba na milima nyuma ni fedha kweli, ila fedha ya robo.

Ndo maana ni hiyo inayopatikana chini ya bei ya madini mara nyingi kuliko zote. Muuzaji anajua haina maana kwa mkusanyaji, hajui kama ina fedha, anakupa kwa kiganja. Kwa dola yetu 1 kwa gramu kila kipande kina fedha ya dola 1.90 na senti, na kuna watu wanaziuza nusu ya hapo. Kilo moja ni kama vipande 128, gramu 250 za fedha, tuseme dola 250. Unaona kabisa mpaka mate yanakutoka.

Halafu unazipeleka kwa sonara anazirudisha. Fedha ya 25% kuitenganisha na shaba ni kazi, inataka asidi, muda, na mtu anayejua, kwahiyo anayekubali anakata bei kubwa, wengi hawakubali kabisa. Hapo ndo nasema bei ya kuingia haina maana bila bei ya kutokea. Mi shilingi ningenunua kama tu naipata kwa theluthi ya madini au chini, na ningeuza moja moja kwa watu wanaotaka kumbukumbu, sio kwa kilo. Na kumbuka, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, simba yule yule, uzito karibu ule ule, fedha hamna. Mwaka ndo kila kitu.

Sumuni ya 1921 hadi 1924 na ya miaka ya 1937 hadi 1944 ni hadithi ile ile kwa nusu, sina la kuongeza.

Lakini kuna ndugu yake anayesahauliwa. Senti 50 za kipindi cha rupia, 1906 hadi 1919, zimeandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES, nazo zina simba, na ni fedha ya 80%. Gramu 4.7 za fedha, karibu mara tano ya sumuni iliyokuja baadaye! Na muuzaji anazichanganya bakuli moja bei moja kwa sababu zote ni senti hamsini na zote zina simba. Senti 25 zake pia ni 80%, ndogo tu, gramu 2.3 za fedha. Kwenye bakuli la sarafu mchanganyiko hizo ndo natafuta kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na zile zilizo safi zinalipwa na wakusanyaji vizuri.

Florini usiihangaikie, iliishi muda mfupi, mwenye nayo anajua anacho.

KUPIMA

Sumaku inakwambia tu kama ni chuma au nikeli, haisemi kama ni fedha. Mlio wa kugonga unasaidia ukishazoea ila riale iliyochomelewa hailii hata kama ni ya kweli. Kipimo cha kuaminika bila maabara ni maji: mizani ya digitali ya gramu 0.01, kikombe cha maji juu yake, rudisha sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ining'inie bila kugusa chini. Namba inayotokea, gawanya uzito wa sarafu kwa hiyo namba. Riale ya kweli: 28.07 kwa 2.75, inakuja 10.2. Rupia ya 91.7 inakuja kama 10.3, namba kwenye maji 1.13. Ukipata 8.9 au chini hiyo ni shaba na nikeli au shaba imepakwa. Toa mapovu ya hewa kwenye sarafu kabla ya kusoma. Kwa shilingi kipimo hiki hakikusaidii, ya fedha inakuja 9.3 na ya shaba nikeli 8.9, sarafu yenyewe ni ndogo, kosa dogo tu la mizani au povu moja linaweza kukuchanganya, soma tu mwaka.

UNUNUE WAPI

Sonara ananunua kwa gramu kwahiyo anauza kwa gramu, na akiwa na kisahani cha sarafu zinazosubiri kuyeyushwa unaweza kumpa kidogo juu ya alicholipa na bado uko chini ya madini. Muombe akuonyeshe kabla hajaweka kwenye tanuri. Huyu kwangu ni namba moja, hasa kwa rupia. Msalimie vizuri, mzee wa dukani ukimwita fundi au mzee wangu na ukawa mtu wa kurudi rudi, anaanza kukuwekea.

Duka la vitu vya kale linaangalia uso wako na viatu vyako. Bei ya kwanza ni ya mtalii. Kitu pekee cha kutafuta pale ni bakuli la mchanganyiko, sio kabati la kioo.

Mtandaoni bei zinaonekana tamu mpaka uweke usafiri na ushuru. Rupia ya dola 9 yenye fedha ya 10.7, ukiongeza usafiri wa dola 6 umeshapita. Nunua fungu au usinunue. Tafuta tangazo lililoandikwa hovyo, "sarafu za zamani India", picha ya ukungu, hamna kiwango hamna mwaka, uombe picha za pande zote mbili. Tangazo lenye maelezo mazuri, mwenye nalo keshapiga hesabu.

Kwa wanafamilia na majirani hapo sitaki kuona mtu anampunja bibi. Mwambie shangazi au bibi bei ya madini wazi, mpe karibu na hiyo bei, bado umepata kitu ambacho dukani ungelipa zaidi.

NI IPI BASI

Una hela kidogo na unataka kuuza haraka ukikwama: rupia za India za kabla ya 1940, zilizochakaa au kutobolewa, lengo ni asilimia 70 ya madini kushuka chini, kwa sababu sonara akikupa 80 bado umepumua. Una uvumilivu na unajua kusoma maandishi madogo: bakuli za mchanganyiko, senti 50 za kabla ya 1920. Una hela ya kutosha na hutaki kuuza: rupia za Mjerumani nzima, hata kwa bei ya madini kamili. Riale mi naiweka ya mwisho, labda za mikufu, na sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu mji mzima unaitafuta. Shilingi ya simba ni ya kufurahisha moyo.

Kwa walioko Marekani mambo ni mepesi zaidi, wivu kidogo. Senti 10, robo dola na nusu dola za hadi 1964 ni fedha 90%, kule kuna soko lake kubwa na wanunuzi wanalipa karibu na madini, kwahiyo ile shida ya kutokea hamna. Na nusu dola za Kennedy za 1965 hadi 1970 ni 40%, gramu 4.6 za fedha, watu wengi hawajui, na bado benki ukiomba roli (mafungu ya sarafu) za nusu dola unapewa kwa senti 50 kila moja. Ikitokea humo umelipa senti 50 kwa kitu cha dola nne na ushee, isipotokea unarudisha hela yako ile ile. Ila zirudishe benki nyingine, usije ukapewa roli zile zile wiki inayofuata ukaanza kuzipekua upya.